Mbwa wa Kienyeji na Mtu Wake: Kuanzia Sufuria Hadi Sindano

Mbwa ninayeandika habari zake hapa ni yule anayeonekana kila mahali Uganda, kuanzia Kabale hadi Kitgum: manyoya mafupi ya rangi ya udongo, kifua cheupe, mkia uliojikunja juu ya mgongo, kilo 15 hadi 20 akilishwa vizuri. Wengi mjini humwita mbwa wa mtaani hata akiwa na kwao, na wakitaka mlinzi hununua mbwa wa Ulaya mwenye manyoya mazito anayehema mchana kutwa. Sikubaliani nao. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Uganda, Misri na Namibia. Wengi wa Namibia walionekana kuchanganyika sana na mbwa wa Ulaya. Wa Uganda karibu wote walikuwa wa asili ya Afrika, ndugu wa basenji, yule mbwa wa misitu ya Kongo ambaye Waingereza walimchukua miaka ya 1930 wakamfanya mbwa wa maonyesho. Kwa hiyo huyo anayelala mlangoni pako Masindi ni wa uzao wa kale, uliochujwa na jua, kupe na njaa kwa vizazi vingi. Buganda wana ukoo mzima wa Mbwa, naye ndiye mwiko wao. Anastahili kutunzwa kwa ujuzi.

Urafiki wenyewe ni wa zamani kuliko jembe. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa. Kaburi hilo lina miaka ipatayo 14,000. Meno ya mbwa huyo yalipochunguzwa upya baadaye, yalionyesha alama za distempa, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na kirusi: aliugua akiwa na umri wa miezi mitano hivi, akapona kidogo, akaugua tena, akafa akiwa na miezi saba hivi. Mtoto wa mbwa mwenye distempa hawezi kuwinda wala kulinda. Anaharisha, anatapika, anatokwa na makamasi, hali mwenyewe. Asingefika hata wiki ya tatu ya ugonjwa kama hapakuwa na mtu wa kumnywesha maji, kumpangusa na kumpasha joto. Distempa hiyohiyo inaua watoto wa mbwa katika vijiji vyetu leo, na mpaka sasa hakuna dawa inayoua kirusi chake. Kinachookoa ni kile walichofanya watu wa Oberkassel: maji kidogo kidogo, usafi, joto, na mkono usiochoka. Tofauti ni kwamba sisi tuna chanjo, nitaifikia.

Ukitaka kujua kama mtu anamjali mbwa wake, fungua sufuria. Uganda mbwa hula posho, yaani ugali wa mahindi, na watu wengi wenye mbwa wa kizungu huona aibu kusema hivyo. Hakuna sababu ya aibu. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu (yule ambaye Waingereza humwita wolf, si mbwa mwitu wa Afrika) wakaona kwamba kinasaba cha kusaga wanga, ambacho mbwa mwitu huwa nacho nakala mbili tu, kwa mbwa kimejirudia mara nyingi. Yaani tumbo la mbwa lilibadilika kwa kula mabaki yetu. Posho anaiweza. Kosa ni kumpa posho peke yake, maana mwili hauwezi kujenga misuli wala damu kwa wanga mtupu. Mbwa wa posho kavu utamtambua kwa manyoya yaliyofifia, mgongo ulioinama na mimba zinazoharibika.

Kwa mbwa mzima wa kilo 20 asiyefanya kazi nzito, kipimo cha siku ni hiki: unga wa mahindi gramu 200, ambao ni kikombe kimoja na nusu hivi, mukene (dagaa wa ziwani) mkavu gramu 80, konzi mbili za mtu mzima, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, na konzi ya dodo (mchicha) iliyokatwakatwa. Mukene uoshwe kwanza. Ule unaoanikwa juu ya mchanga kando ya ziwa hubeba mchanga mwingi, na mchanga husaga meno na kujazana utumboni. Loweka dakika kumi, koroga, mimina maji polepole ukiacha mchanga chini ya beseni, rudia mara mbili. Chemsha dakika 15, kisha pika posho ndani ya supu hiyohiyo ili kisipotee kitu. Faida ya mukene ni kwamba unaliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo chokaa ya mifupa (kalisi) inapatikana bila kutafuta dawa ya dukani. Usitie chumvi, usitie kitunguu. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, kikiwa vuguvugu. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne apewe mara tatu au nne, kidogo kidogo. Jike anayenyonyesha watoto sita atahitaji mara mbili hadi tatu ya kipimo hiki wiki ya tatu na ya nne baada ya kuzaa, na hapo ndipo wengi huanguka: wanaona anakonda wanafikiri ni minyoo, kumbe ni njaa.

Usipime kwa macho, pima kwa viganja. Pitisha mikono mbavuni bila kukandamiza. Mbavu zikihesabika kwa vidole lakini hazionekani kwa mbali, yuko sawa. Ukizitafuta usizipate, punguza unga, usipunguze mukene.

Kuna vitu vitatu vya jikoni vinavyoua. Cha kwanza ni mahindi yaliyoota ukungu. Familia huyatenga kwa sababu hayafai kuliwa na watu, halafu husagwa kwa ajili ya mbwa na kuku. Humo mna sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mbwa huanza kwa kukataa chakula, anatapika, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, kisha ufizi na weupe wa macho hugeuka njano. Ukiona njano, ini limekwisha kuharibika sana. Mahindi usiyoweza kuwapikia watoto wako usimpikie mbwa. Cha pili ni mifupa iliyopikwa ya kuku, na ile ya nguruwe inayotoka kwenye vibanda vya nyama jioni. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, vikatoboa utumbo. Cha tatu ni kitunguu kilichochanganyika na mabaki ya nyama hizohizo, maana huharibu chembe nyekundu za damu, kibichi au kilichokaangwa. Utumbo na mapafu kutoka machinjioni ni chakula kizuri na cha bei ya chini, lakini vikatwe vipande vidogo na kuchemshwa angalau nusu saa. Sababu nitaieleza nikifika kwenye minyoo ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Maji huwa yanasahaulika. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja kwa siku, na zaidi jua la Januari na Februari likiwaka. Chombo kizito kisichopinduka, kwenye kivuli, kisuguliwe kila siku. Kopo la rangi lililokatwa lina kingo zinazokata ulimi.

Sasa kumchukua mtoto. Desturi iliyoenea ni kumtenga na mama yake akiwa na wiki nne au tano, mara tu anapoanza kulamba uji. Ni mapema mno. Subiri wiki nane. Katika wiki hizo za mwisho mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kiasi cha kuuma: akizidisha, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Mtoto aliyetolewa mapema hajui kipimo hicho, na atakachojifunzia ni mikono ya watoto wako.

Kuanzia wiki ya tatu hadi takriban ya kumi na nne, ubongo wa mbwa uko wazi kupokea kile atakachokihesabu kuwa ni cha kawaida duniani. Dirisha hilo likifungwa, kila asichokijua kinakuwa tishio. Ndiyo maana nasikitika nikiona mtoto wa mbwa anafungiwa kibandani siku ya kwanza ili awe mkali, wengine wakimpa na pilipili. Pilipili inachoma tumbo, basi. Na mbwa aliyekuzwa gizani anakuwa mwoga, naye mwoga huuma ovyo: atamuuma mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na mwizi akija na kelele atajificha chini ya gari. Au atabweka usiku kucha kwa kila popo na kila jani, mpaka siku anapobweka kwa sababu ya kweli hakuna anayeinuka kitandani. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wa kwao na mambo ya kila siku vizuri kiasi kwamba kisicho cha kawaida kinamshtua mara moja.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza mlaze mahali ambapo anasikia sauti za nyumba, kwenye boksi lenye gunia, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Usiku analia kwa baridi na upweke, hana ukaidi. Kila siku mwonyeshe jambo moja jipya kwa dakika tano: boda boda ikiwaka, mwanamke aliyevaa gomesi, mzee mwenye mkongojo, mwavuli unaofunguliwa, mbuzi, kuku, watoto waliovaa sare za shule. Mwache asogee mwenyewe. Akirudi nyuma, ongeza umbali, usimvute. Akinusa, mpe punje ya mukene. Kabla hajamaliza chanjo mbebe mikononi, usimshushe njiani wanakopita mbwa usiowajua, kwa sababu kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuharisha damu, hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Kama palikuwa na mbwa aliyekufa kwa kuharisha damu uani kwako, sugua sakafu kwa sabuni kwanza, kisha kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, iache dakika kumi. Udongo hauwezi kusafishwa hivyo. Hapo leta mbwa aliyekwisha kuchanjwa, au subiri.

Jina liwe fupi, silabi mbili. Liite wakati wa chakula tu kwa siku tatu, kisha hatua tano kutoka kwake, kisha kumi, kila mara anapofika apate kitu. Na usimwite kamwe ili umpige. Nalirudia neno hili kwa sababu ndilo linalovunja urafiki kuliko mengine yote: mbwa aliyekula yai saa tatu, akaitwa na kuchapwa saa nne, hajui habari ya yai. Anachojua ni kwamba kuja kwako kunaumiza. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa mbwa malezi yanaonekana ndani ya miezi sita.

Angalia pia macho. Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, kilichapisha mwaka 2015 majaribio yaliyopima oksitosini, homoni ileile inayotoka mama anapomnyonyesha mtoto. Mbwa na wenye mbwa waliotazamana kwa muda mrefu walipanda kiwango wote wawili, mtu na mnyama. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu utotoni hawakutazama hivyo, na hawakupanda. Mwaka 2019 wengine wakaonyesha kwamba mbwa ana msuli wa kuinua nyusi upande wa ndani, ambao kwa mbwa mwitu ni mdogo sana au haupo. Kwa lugha nyingine, uso wake umejengwa kuzungumza na wetu. Dakika kumi za kukaa naye jioni, ukimtoa kupe na kumkuna nyuma ya masikio, zinafanya kazi mwilini mwake na mwilini mwako. Mbwa usiyemfahamu ni habari nyingine, huyo usimkazie macho, atalichukua kama changamoto.

Kuhusu kibanda. Kampala mbwa wengi hufungiwa kuanzia alfajiri hadi saa moja jioni, kisha hufunguliwa uani. Utaratibu wenyewe si mbaya kama kibanda kinafaa. Vingi havifai: mabati matupu juu, sementi chini, na upana wa kujigeuza tu. Kwa mbwa wa kilo 20, sehemu ya kulala iwe na urefu wa sentimita 120, upana 80, na kimo cha 80, sakafu ya mbao iinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini ili mvua ya Aprili isiingie. Chini ya bati weka dari ya mbao au majani, ukiacha nafasi ya hewa ya upana wa kiganja. Mlango uelekee mbali na mvua. Mbele ya hapo pawe na uwanja wa wavu wa angalau mita mbili kwa tatu, nusu yake kivuli. Gunia lioshwe kila wiki na lianikwe juani, maana mayai ya viroboto hukaa hapo kuliko mwilini. Mnyororo sipendi. Kama huna njia nyingine, funga waya mzito kati ya nguzo mbili, mita nane au kumi, upitishe pete ya mnyororo humo ili atembee, na vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Ukanda usiolegezwa mbwa anapokua huzama nyamani. Harufu mbaya shingoni ndiyo dalili ya kwanza.

Wezi hutanguliza nyama yenye sumu. Kinga yake ni mazoezi: alishwe katika chombo kimoja, mahali pamoja, baada ya neno moja la ruhusa, na mwombe mtu asiyemjua arushe kipande juu ya ukuta wakati umeshika kamba. Akikiacha, papo hapo mpe kikubwa zaidi kutoka mkononi mwako. Rudia wiki nzima. Hatakuwa salama kabisa, ila utakuwa umempa nafasi. Sumu nyingi za wadudu huonekana kwa mate mengi, kutetemeka, mboni ndogo na kuharisha, ndani ya saa moja. Usimmiminie maziwa wala mafuta mdomoni. Mbwa anayetetemeka huyavuta mapafuni. Chukua mabaki ya nyama au pakiti, mlaze kwa ubavu, mkimbize kwa daktari wa mifugo anayeweza kumchoma atropini. Hapo dakika ndizo zinazohesabika.

Nimefika kwenye kichaa cha mbwa, na hapa naomba msomaji asirukeruke. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 vya watu kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na mbwa, vingi Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na bado ni ugonjwa unaozuilika kabisa: mbwa saba kati ya kumi katika eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Mtoto wa mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, arudiwe ndani ya mwaka, kisha kila mwaka. Kukiwa na kampeni kijijini mpeleke hata akiwa mdogo zaidi, usimwache nyumbani. Uliza chanjo imehifadhiwa wapi. Lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, kwenye boksi lenye barafu. Chupa iliyotoka mfukoni mwa mtu baada ya saa nzima ya jua usiiamini. Dai kadi yenye tarehe. Chanjo ya distempa na parvo ni nyingine, huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Wengi hulipia moja wakidhani wamelipia zote, kisha mbwa anakufa kwa parvo wanasema chanjo haifanyi kazi.

Kichaa hakina sura moja. Kuna yule mkali anayekimbia ovyo akiuma mawe na matairi, anayetambulika na kila mtu. Hatari zaidi ni yule mpole: mbwa mkimya, taya limelegea, mate yanachuruzika, anakaa kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwenyewe kwa huruma hutia mkono mdomoni kuutafuta mfupa. Usifanye hivyo. Badiliko lolote la ghafla la tabia, mbwa mkali kuwa mnyenyekevu au mpole kuwa na hasira, sauti kukwaruza, kushindwa kumeza, lihesabu kuwa kichaa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri, jeriken ya lita ishirini itakwisha. Kisha paka spiriti au aidini. Usitie kahawa, majivu, mafuta ya taa wala majani, na jeraha lisishonwe haraka. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kilicho karibu hakina chanjo watakuelekeza chenye nayo. Sindano ya kwanza ni siku hiyo, inayofuata siku ya 3, kisha ya 7, na zilizobaki kwa ratiba watakayokupa. Jeraha likiwa limetoa damu, hasa kichwani, shingoni au mikononi, uliza pia kuhusu kinga ya papo hapo inayodungwa ndani ya jeraha lenyewe. Usiache katikati kwa sababu jeraha limepona. Kupona kwa ngozi hakuna uhusiano na kirusi kinachopanda kwenye neva.

Na mbwa aliyeuma? Kijijini hupigwa rungu la kichwa papo hapo. Kama anaweza kufungwa salama, afungwe siku kumi akiangaliwa, huku mtu akiendelea kupata sindano. Mbwa anayeambukiza kwa mate ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa na kichaa wakati wa kuuma, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Ikibidi auawe, kichwa kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Mwarifu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na afisa mifugo wa kata ndogo, maana mbwa huyo huenda ameuma wengine.

Watoto wafundishwe mambo matatu tu: usimguse mbwa anayekula au anayenyonyesha, usimkimbie, na akikujia simama kama mti, mikono kifuani, macho chini.

Minyoo na kupe nitavipitia kwa haraka, isipokuwa mahali pawili. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia wiki ya pili, kila wiki mbili hadi wiki ya kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Mahali pa kwanza pa kusimama ni Karamoja, na ng'ambo ya mpaka kwa Waturkana wa Kenya, ambako watu, mifugo na mbwa huishi karibu mno na ugonjwa wa malengelenge ya minyoo ya mbwa ni wa kawaida. Mbwa hula ini au mapafu mabichi ya mbuzi yenye vifuko vya maji, minyoo midogo sana inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi na kushika manyoya, mtoto anamkumbatia, na baada ya miaka mtu anaota uvimbe mkubwa kama nazi ndani ya ini. Mnyororo huo hukatwa kwa kuchemsha au kufukia nyamanyama zenye vifuko, kumpa mbwa dawa yenye prazikwanteli, na kunawa mikono. Urafiki unabaki palepale.

Pa pili ni bomba la dawa ya ng'ombe. Katika nchi za wafugaji, Mbarara na Kiruhura, kupe wamezoea dawa nyingi, na wafugaji huchanganya mbili au tatu kwa nguvu kubwa. Mchanganyiko huo akinyunyiziwa mbwa, anajilamba, anaanza kutokwa na mate na kuyumba. Mbwa apewe dawa yake, kwa kipimo cha uzito wake, na watoto wa chini ya miezi mitatu wachambuliwe kupe kwa mkono: kamata kupe karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota. Homa, ufizi mweupe, kutokwa damu puani, huo ni ugonjwa wa kupe na unatibika ukiwahiwa.

Kuna kazi ambazo mbwa pekee anaziweza. Uwanja wa ndege wa Entebbe wapo mbwa wanaonusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona kwenye mizigo. Gulu, Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa mtoto wa miaka 12 jembe lake lilipogonga bomu lililoachwa na vita, alianzisha The Comfort Dog Project, mradi unaowaunganisha walionusurika vita vya kaskazini na mbwa waliokuwa hawana kwao. Ni mbwa wa kienyeji haohao. Mtu aliyeshindwa kulala miaka mingi anapata sababu ya kuamka: kuna mwenzake anayesubiri kulishwa na kutembezwa, na usiku kuna masikio makali kuliko yake yanayokesha. Wanaodhani mbwa ni kengele ya geti tu waulize Gulu.

Akitunzwa hivi, mbwa wa kienyeji hufika miaka kumi na miwili, wengine zaidi. Kuanzia wa tisa, lainisha posho kwa supu, ongeza gunia la pili chini yake, na usimwache kwenye sementi usiku wa Julai kule Kabale. Akishindwa kusimama na kula kwa siku kadhaa, mwite daktari amlaze kwa sindano ya usingizi wa mwisho, ukae naye ukimshika kichwa. Chimba shimo la mita moja, mbali na kisima, mfukie na mawe juu ili mbwa wengine wasimfukue. Kama ana mwenzake, mwache amnuse kabla hujamfunika. Huenda akakataa chakula siku mbili tatu. Muwekee saa zilezile, chombo kilekile, na ukae karibu mpaka aanze kula.